Baiskeli Haijafika Nyumbani Mpaka Ifungwe

Hotuba ya fundi baiskeli kwa wakazi wa mtaa mmoja wa Ngokolo, Shinyanga mjini

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, wazee wetu, mama zangu na dada zangu, vijana wa daladala za baiskeli mlioegesha huko nje, mwadila!

Nashukuru kupewa nafasi. Mwenyekiti ameniomba nizungumze kama fundi, na nitabaki kwenye ufundi. Kazi yangu ni kuunga cheni, kunyoosha ringi na kubadilisha gololi za haba, kile kitovu cha gurudumu. Lakini kijiwe cha fundi kinasikia mengi. Mtu akiibiwa baiskeli, mara nyingi anapita kwangu kuuliza kama nimeiona hata kabla hajaenda polisi. Nami huwa namuuliza: ilikuwa wapi? Jibu ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Ilikuwa nyumbani, fundi. Tena ndani kabisa."

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Ukienda sokoni unafunga gurudumu, unapitisha mnyororo kwenye nguzo, na bado unamwomba mama muuza nyanya akuangalizie. Ukirudi nyumbani unaiegemeza ukutani, unaingia ndani kula. Umeshafika. Mwizi naye anajua kwamba wewe unaona umeshafika. Sokoni mchana macho ni mengi. Uani kwako saa tisa ya usiku hakuna hata jicho moja. Tunakaza pale penye watu, tunalegeza pale pasipo na mtu. Ninaomba tugeuze jambo hilo kuanzia leo.

Sihitaji kuwaeleza thamani ya baiskeli hapa. Mji wetu ni tambarare, na ndiyo maana baiskeli imeshika hapa kuliko miji mingi ya nchi hii. Maziwa ya Ibadakuli yanaingia mjini kwa baiskeli. Mkaa, mpunga, mashudu, mabati ya kuezekea, mgonjwa wa kupeleka zahanati, vyote vimepita juu ya keria. Kijana wa daladala akiibiwa usiku wa Jumapili, Jumatatu hana kazi. Hana likizo na hana bima. Na kama baiskeli ni ya tajiri, basi anadaiwa hesabu ya siku na anadaiwa baiskeli yenyewe. Nimemwona mwanafunzi wa sekondari ambaye baada ya baiskeli kuibwa alianza kufika shule saa nne, akichelewa kila siku, mpaka akachoka kuadhibiwa na akaacha kwenda. Kwa hiyo anayesema "ni baiskeli tu" hajahesabu vizuri.

Wazee wetu walijua kulinda mali. Ng'ombe alilala ndani ya boma la miiba, alikuwa na chapa, na kijiji kizima kilimjua ni wa nani. Wizi wa mifugo ulipozidi huku kwetu, Kahama na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu hawakukaa kulalamika: sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, ilizaliwa katika maeneo haya haya, mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa watu wanatoka, na mwaka 1989 sheria ya nchi ikaitambua. Sasa angalieni baiskeli. Inabeba maji, inapeleka mazao, inasomesha watoto, kazi ile ile ya mali ya nyumba. Lakini haina boma, haina chapa, na jirani wa pili hajui ni ya nani.

Mwizi wa baiskeli anahitaji vitu viwili: dakika chache, na mtu wa kununua. Ukimnyang'anya kimoja amepata shida. Ukimnyang'anya vyote viwili ataacha.

Nianze na dakika.

Wizi wa nyumbani una saa zake. Ya kwanza ni wakati wa mvua. Tunaishi chini ya bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikipiga kwa nguvu, ndani ya nyumba hata mazungumzo hamsikilizani. Mtu anaweza kung'oa mlango wa banda uani na wewe umelala mita nne kutoka hapo. Watu wengi wanasema "mvua hii, nani atatoka?" Anayetoka ni yeye. Usiku wa mvua kubwa ndio usiku wa kuhakikisha kufuli mara mbili.

Saa ya pili ni alfajiri, na hii inatuhusu sana sisi wapangaji. Nyumba ina vyumba sita, korido moja, mlango mmoja wa mbele. Wa kwanza anatoka saa kumi na moja kuwahi basi, anaurudishia mlango tu kwa sababu hana ufunguo au hataki kuwaamsha wenzake. Kuanzia hapo mpaka kupambazuke, nyumba iko wazi na baiskeli tatu zimepangwa koridoni. Anayeingia hahitaji kuvunja chochote. Anaikokota taratibu kama mpangaji anayekwenda kazini, na akikutana na mtu anasalimia.

Saa ya tatu ni pale watu wote wanapokuwa mahali pamoja: msibani, harusini, kwenye banda la mpira siku ya Simba na Yanga. Hapo mtaa unabaki na watoto. Sisemi tusizikane wala tusitazame mpira. Nasema kwamba siku hizo kila nyumba imwache mtu mzima mmoja, na majirani waambizane nani amebaki.

Na mwizi huja kuangalia kabla. Anapita mchana kuuliza nyumba ya kupanga, kuuliza kama kuna chuma chakavu, kuomba maji. Wengi wanaopita ni watu wema wanaotafuta riziki, msije mkaanza kuwafukuza wanunuzi wa chuma chakavu kwa sababu yangu. Lakini hakuna haja ya kila anayepita kuiona baiskeli yako. Isogeze kutoka dirishani. Ifunike kwa turubai au gunia kuukuu. Kitu asichokiona hawezi kukipangia.

Sasa njoo kwenye kufunga kwenyewe, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo makosa ni mengi.

Baiskeli hizi za kwetu, Phoenix, Avon, Hero, nyingi zina kile kitasa kidogo cha gurudumu la nyuma, kinachopitisha chuma katikati ya spoki. Ni kizuri, msikitoe. Lakini mfahamu kazi yake: kinazuia baiskeli isiendeshwe. Hakizuii isibebwe. Baiskeli kubwa ya namba 28 ina uzito wa karibu kilo 20. Kijana anayebeba gunia la mpunga atashindwa na kilo 20? Anaiweka begani, anavuka michongoma, kitasa anakwenda kukivunja mbele ya safari kwa nafasi yake. Kwa hiyo baiskeli iliyofungwa yenyewe kwa yenyewe haijafungwa. Lazima ifungwe kwenye kitu kisichoondoka.

"Fundi, kwangu hakuna kitu kisichoondoka." Kipo, tunakitengeneza. Chukua kipande cha nondo ya milimita 16, au 12 ukikosa, kikunje kama herufi U, na ncha zake mbili zipindwe kwenda nje huko chini. Chimba shimo la futi moja na nusu, pale pale ndani ya chumba au kwenye kibaraza cha uani kilichofunikwa. Simamisha nondo, mimina zege: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Acha juu ibaki sehemu ya kupitisha mnyororo, na isiwe ndefu, kwa sababu nondo ikiinuka sana juu inampa mtu nafasi ya kuingiza bomba na kupinda. Mwagilia maji siku saba, usiifungie kitu kabla ya hapo. Zile ncha zilizopindwa chini ndizo zinazoshika. Nondo iliyonyooka inachomoka kwa kutikiswa.

Kwa nini nasema sakafuni badala ya ukutani? Kwa sababu nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa tofali za udongo. Mwizi wa huku hahangaiki na mlango, anatoboa ukuta. Analainisha kwa maji, anachimba kwa chuma kimya kimya, na tundu likitosha anaingia. Pete iliyochomekwa kwenye ukuta wa namna hiyo inatoka pamoja na tofali lake. Sakafu haitoki.

Wewe uliyepanga na mwenye nyumba hataki sakafu ichimbwe, chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyopasuka mkono, simamisha nondo katikati, jaza zege. Zege la ujazo huo lina uzito wa karibu kilo 48. Liweke kwenye kona, funga baiskeli hapo. Mtu anaweza kuliburuta, ndiyo, lakini hawezi kuruka nalo ukuta wala kupanda baiskeli akaondoka, na akiburuta sakafuni lazima mtu ataamka. Ukihama unahama nalo.

Na walio na baiskeli mbili au tatu nyumba moja, hata kabla hamjapata nondo wala ndoo, usiku huu huu zifungeni pamoja, moja iangalie huku na nyingine kule, mnyororo upite kwenye fremu zote. Kubeba baiskeli mbili zilizoshikana kupitia mlango wa korido ni kazi ya watu wawili na ina kelele.

Mnyororo. Zile waya zilizovikwa plastiki yenye rangi nzuri, zenye kufuli la namba, ndani ni nyuzi nyembamba. Koleo la kawaida linazikata. Kwa kusimama dukani dakika mbili zinatosha, kwa kulala nazo hazitoshi. Nunua mnyororo wa chuma, unene wa pete usipungue milimita 8, kisha uvike mpira wa tyubu kuukuu ili usikwaruze rangi. Tyubu nitakupa bure, ninazo nyingi. Kufuli liwe zito, na ule mkono wake uliopinda uwe mnene na mfupi. Mkono mrefu mwembamba ni wa kufungia sanduku la nguo. Wakati wa kufunga, pitisha mnyororo kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma, ukaze usibaki mlegevu, na kufuli lining'inie juu mbali na sakafu. Kufuli likilala chini kwenye saruji, anayegonga nyundo amepata mahali pa kugongea. Likining'inia, nyundo inapoteza nguvu.

Makufuli ya bei ya chini kabisa yana shida nyingine: ufunguo wa moja unaweza kufungua la mwenzake. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji funguo za makufuli mawili matatu ya aina hiyo hiyo uzijaribu. Ukiona linafungua, rudisha. Na vumbi letu la kiangazi linaingia ndani ya kufuli. Watu wanamimina mafuta, mafuta yanakamata vumbi, kufuli linagoma, halafu mtu anaamua kuliacha wazi. Saga ncha ya penseli, weka unga wake mweusi kwenye tundu la ufunguo, zungusha ufunguo mara kadhaa. Halinasi vumbi.

Wenye baiskeli za gia za mtumba, nyinyi mna jambo la ziada. Gurudumu la mbele, na mara nyingi hata kiti, vinafunguliwa kwa kale kamkono ka kuvuta bila spana. Huko zilikotoka kalikuwa kwa ajili ya kutoa gurudumu haraka. Hapa kanamfaa mwizi. Njoo kijiweni tuweke ekseli ya nati.

Mlango nao. Tazama kile chuma cha mlangoni kinachopitishiwa kufuli. Milango mingi ya uani na ya mabanda, skrubu zake ziko nje, zinaonekana. Mtu hana haja ya kugusa kufuli lako la gharama: anatoa skrubu nne kwa bisibisi, mlango unafunguka na kufuli likiwa bado limefungwa. Toa skrubu hizo, toboa mlango, weka boliti ndefu zenye kichwa cha mviringo nje na nati ndani, halafu igonge ncha ya boliti ibonyee ili nati isitoke. Hii ni kazi ya nusu saa. Angalia na bawaba: kama mlango unafunguka kwenda nje, misumari ya bawaba iko upande wa mwizi. Mpelekee fundi wa kuchomelea aizibe.

Kuhusu taa na kelele nitapita haraka. Taa ndogo ya sola uani inasaidia, hasa umeme ukikatika. Mbwa anasaidia kama hapewi chakula na kila mtu. Kanga wanapiga kelele kuliko mbwa, waliofuga wanajua. Kamba yenye makopo nyuma ya mlango wa banda haina gharama. Lakini hivi vyote vinakuamsha tu. Kinachoshika baiskeli ni chuma na zege.

Naomba sasa niseme na wenye nyumba, na niseme kwa heshima kwa sababu baadhi yenu ni wateja wangu na wengine ni wazazi wangu. Kuna nyumba zenye sharti: baiskeli isiingie ndani, inachafua sakafu na kuchuna rangi ya korido. Ninaielewa hasira ya mtu aliyepaka rangi kwa gharama. Ila mpangaji akilazwa njaa kwa kuibiwa, kodi yako itatoka wapi? Kama hutaki iingie ndani, basi mjengee mahali pa kuifungia: kibanda cha bati uani, nondo tatu kwenye zege, mlango wenye boliti. Na kama unakubali iingie, weka gunia la kukanyagia na mwambieni kila mtu afute matope. Tena kila mpangaji apewe ufunguo wa mlango wa mbele, kwa maandishi, na anayetoka alfajiri afunge nyuma yake. Gharama ya kuchonga ufunguo mmoja ni ndogo mno kuwa sababu ya nyumba nzima kuachwa wazi.

Nimemaliza dakika. Nije kwa mnunuzi, kwa sababu hakuna kufuli lisilokatika. Mwenye mkasi mkubwa wa kukatia nondo na muda wa kutosha atakata. Swali ni je, akishakata, ataiuza wapi?

Anaiuza kwa sababu baiskeli zetu zinafanana. Phoenix nyeusi ni Phoenix nyeusi. Mtu anakuja kituoni anasema "yangu ina keria nyekundu na kengele imevunjika", na aliyenayo ameshabadilisha keria na kengele. Askari atafanya nini? Unakosa mali yako ukiwa unaiona kwa macho.

Karibu kila baiskeli ya kiwandani ina namba ya fremu. Geuza baiskeli juu chini, angalia lile bomba fupi la chini ambamo ekseli ya pedeli inapita. Futa grisi na udongo, utaona tarakimu zimegongwa. Usipoziona hapo, tazama pale bomba la kiti linapoingia kwenye fremu. Hiyo ndiyo chapa iliyokuja nayo. Waliomo humu wanaoijua namba yao kwa kichwa au kwa maandishi, nyosheni mikono. Mnaona wenyewe. Ipige picha kwa simu, upige na wewe ukiwa umesimama na baiskeli, kisha mtumie picha hizo ndugu yako mmoja, kwa sababu usiku wanaoiba baiskeli wanaiba na simu. Risiti ya dukani iwekwe na vyeti vya watoto.

Halafu tuongeze chapa yetu. Mafundi wa vyuma wana mihuri ya herufi na tarakimu. Tugonge herufi za jina lako na namba ya nyumba, na siyo mahali pamoja. Mwizi wa siku hizi anaifungua baiskeli yote: gurudumu linakwenda Kambarage, fremu inakwenda Tinde, kiti kinabaki kwa rafiki yake. Kwa hiyo gonga kwenye krenki, ule mkono wa pedeli, kwenye keria, kwenye haba, kwenye lile bomba fupi nene la chini. Msigonge kwenye mabomba marefu ya fremu, hayo ni membamba, alama ikiingia sana panakuwa pa kupasukia. Fremu za aluminiamu msizigonge kabisa, hizo tutazichora kwa ncha kali. Na lipo jambo asiloliwaza: chomoa kiti na bomba lake, andika jina na namba ya simu kwenye karatasi, ifunge ndani ya nailoni, itumbukize ndani ya fremu, rudisha kiti. Apake rangi mara tatu, karatasi iko mle. Siku ya ubishi, fungua kiti mbele ya watu.

Mmewahi kuona kile kibandiko kidogo chenye maandishi na tarakimu kwenye baiskeli za mtumba kutoka Japani? Siyo pambo. Kule kuanzia mwaka 1994 sheria inamtaka mwenye baiskeli aiandikishe dhidi ya wizi, na askari akisimamisha mtu anauliza kwa namba ile ni ya nani. Nchi yenye magari yote yale bado inaandika baiskeli moja moja. Sisi hatuhitaji kompyuta kuanza. Tunahitaji daftari kubwa moja ofisini kwa mwenyekiti: jina, namba ya fremu, aina, rangi, alama yetu na saini. Ukiuza, mnakwenda wote wawili, linakatwa jina lako linaandikwa la mnunuzi, shahidi anasaini. Na msiogope kwamba daftari hili ni mwanzo wa kodi. Mwenyekiti amekubali lisiwe na malipo yoyote, na ameahidi kulisema hilo mwenyewe mbele yenu baada yangu.

Hapa sasa inabidi niseme na mafundi wenzangu na nyinyi wateja pamoja. Kila baiskeli iliyoibwa imenunuliwa na mtu asiye mwizi. Mtu wa kawaida, anayekwenda kanisani au msikitini, aliyeletewa baiskeli ya bei ya ajabu saa moja jioni na mtu asiyemjua, akaamua kutouliza. Huyo ndiye anayemlipa mwizi mshahara. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, kifungu cha 311, inasema kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa, na kifungo chake ni cha miaka, siyo miezi. Bei ikishuka kupita kiasi, uliza namba ya fremu, uliza karatasi ya mauziano, uliza mjumbe wake ni nani. Mwenye mali yake hachukii maswali hayo. Na sisi mafundi tunajua. Mtu akileta gurudumu zima la nyuma na spoki zake zote, linauzwa peke yake, bado lina mafuta mapya, sisi tunajua. Mafundi wa vijiwe vya huku tumezungumza: hatutanunua kipuri kikuukuu bila jina na namba ya simu ya aliyekileta, na hatutafuta namba ya fremu ya mtu yeyote kwa bei yoyote. Atakayefanya, mwenyekiti aitwe.

Ikitokea umeibiwa, usianze kuzunguka peke yako na panga. Nenda ofisi ya mtaa, nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako, ukiwa na namba ya fremu mkononi. Bila namba unaandikisha huzuni tu. Halafu vijana wa daladala waambiwe mapema, vijiwe vyote. Hakuna kamera katika mji huu inayowashinda vijana hawa. Wanaona kila baiskeli inayovuka kwenda Tinde au Old Shinyanga, na wanatambua fremu kwa mlio wake.

Na akikamatwa.

Ndugu zangu, hili sitaki lipite kwa haraka. Tumeshaona vijana wakichomwa moto kwa sababu ya baiskeli. Tumeona tairi likivishwa mtu shingoni, na tairi lile ni la biashara yangu mimi. Mimi nimejitolea maisha yangu kwa baiskeli, na nasema hakuna baiskeli, hata iwe mpya kutoka dukani, yenye thamani ya mtu. Katiba yetu ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, na ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika. Mnajua mara ngapi kelele ya "mwizi!" imepigiwa mtu aliyekuwa akikokota baiskeli yake mwenyewe iliyopasuka tairi usiku? Mpangaji mgeni, hajulikani, hana karatasi, basi. Chapa na daftari vinamlinda mwenye mali, na vinamlinda pia huyo anayesingiziwa: namba inasomwa, daftari linafunguliwa, anakwenda zake nyumbani akiwa mzima. Akikamatwa mtu, akae chini, asiguswe, mwenyekiti aitwe, polisi waitwe. Wazee mliokuwa kwenye sungusungu, mnisaidie kulisimamia hili, kwa sababu vijana wanawasikiliza nyinyi.

Sasa kazi. Mihuri ya herufi nimekuja nayo, iko kwenye lile sanduku chini ya mwembe, na fundi wa kuchomelea amekubali kukata nondo za herufi U kwa watakaoleta chuma chao. Walioacha baiskeli nje wazilete kwa mstari, tuanze na akina mama wenye safari ya mbali na wanafunzi, wafuate vijana wa daladala. Leteni kitambaa cha kufutia grisi, kwa sababu namba nyingi zitakuwa zimefunikwa. Katibu atakaa na daftari upande wa kivuli. Wale ambao baiskeli zao hazina namba kabisa, zipo za namna hiyo, msirudi nyumbani. Hizo ndizo nitakazozigonga kwanza nikishamaliza za akina mama. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti, useme lile la malipo ya daftari, kisha wenye maswali waanze.